Barnaba, Mwana wa Faraja: Mtume Aliyewainua Wengine



Jubilei ni wakati wa kushukuru na wa kuwakumbuka waliotutangulia. Katika kurasa nyingine za kijitabu hiki mtasoma historia ya kwaya yetu na ratiba ya siku ya leo. Kurasa hizi tumezitenga kwa ajili ya mtu ambaye jina lake hutajwa sana kanisani, lakini maisha yake hayahubiriwi mara nyingi. Petro tunamjua. Paulo tunamjua zaidi. Barnaba tunampita haraka tukielekea kwa Paulo.

Hata hivyo Luka, katika Matendo ya Mitume, anamwita Barnaba mtume pamoja na Paulo, ingawa hakuwa mmoja wa wale Kumi na Wawili. Na ukikisoma kitabu hicho polepole utaona jambo moja: mara mbili katika siku za mwanzo za Kanisa, mtu aliyekuwa amekataliwa na wengine alishikwa mkono na Barnaba. Wa kwanza alikuwa Saulo wa Tarso. Wa pili alikuwa Yohana Marko. Ni vigumu kulifikiria Agano Jipya bila watu hao wawili.

MLAWI KUTOKA KISIWANI

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Yusufu. Alizaliwa Kipro, kisiwa kikubwa cha mashariki ya Bahari ya Kati, kilichojulikana tangu kale kwa machimbo yake ya shaba. Wayahudi wengi walikuwa wamehamia huko, na katika mji wa Salami, pwani ya mashariki, walikuwa na masinagogi zaidi ya moja. Barnaba alikulia kati ya watu wa mataifa, bila shaka akikisikia Kigiriki sokoni na Maandiko katika sinagogi.

Kwa kabila alikuwa Mlawi, na hapa wanakwaya watege sikio. Tangu siku za mfalme Daudi, kazi ya kuimba mbele za Bwana walikabidhiwa Walawi. Asafu, Hemani na Yeduthuni, wakuu wa waimbaji, wote walikuwa wa kabila hilo, pamoja na wana wao waliopiga matoazi, vinanda na vinubi. Hatusomi popote kwamba Barnaba mwenyewe aliimba hekaluni. Lakini alitoka katika ukoo uliojua kwamba wimbo ni huduma, na kwamba mwimbaji husimama kwa zamu yake kisha humpisha mwenzake.

Mitume ndio waliompa jina la Barnaba, lenye maana ya mwana wa faraja. Watu hawapewi jina kama hilo kwa sababu ya kitendo kimoja. Bila shaka walikuwa wamemwona akikaa na wenye huzuni na kuwatia moyo waliochoka, hata jina la nyumbani likasahaulika.

SHAMBA LILILOUZWA

Mara ya kwanza kukutana naye katika Matendo, anauza shamba. Kanisa la Yerusalemu lilikuwa changa na wengi walikuwa maskini. Barnaba aliuza kiwanja chake, akaleta fedha zote, akaziweka miguuni pa mitume.

Sisi Wakenya tunaujua uzito wa kuuza shamba. Ndugu hukosana kwa ajili ya shamba, na kesi za mashamba hurithiwa na wajukuu. Kwa Waisraeli pia ardhi ilikuwa jambo zito. Katika Mambo ya Walawi, mwaka wa jubilei, yaani mwaka wa 50, kila mtu alirudishiwa milki ya baba zake. Neno hili tunalolisherehekea leo lilihusu ardhi na watumwa waliowekwa huru. Barnaba alifanya kinyume cha kurudishiwa: aliachilia, wala hakuuliza jina lake litaandikwa wapi.

Luka ameiweka habari hii karibu na ile ya Anania na mkewe Safira, ambao nao waliuza mali, wakaficha sehemu ya fedha na kusema wameleta yote. Wote watatu walitoa, na mbele ya watu sadaka zao zilifanana. Tofauti ilikuwa moyoni.

MKONO ALIOPEWA SAULO

Baada ya kuongoka njiani kwenda Dameski, Saulo alihubiri huko mpaka adui zake wakapanga kumwua, akashushwa ukutani usiku ndani ya kapu. Alipofika Yerusalemu alijaribu kujiunga na wanafunzi, nao wakamwogopa. Nani angewalaumu? Huyu ndiye aliyekubali Stefano auawe, ndiye aliyeingia nyumba kwa nyumba akiwaburuta wanaume na wanawake hadi gerezani. Huenda kati ya waliomkataa walikuwamo wajane wa kazi yake mwenyewe. Waliona ni mtego.

Barnaba alimchukua, akampeleka kwa mitume, akawaeleza jinsi Saulo alivyomwona Bwana na jinsi alivyohubiri Dameski bila hofu. Kwa maneno mengine, alimdhamini. Aliweka jina lake jema, lililojengwa kwa miaka, juu ya mtu asiye na jina jema lolote. Kama Saulo angekuwa mpelelezi kweli, Barnaba angeangamia pamoja na wenzake. Alikubali hatari hiyo, na mlango ukafunguliwa.

Baada ya muda mfupi maisha ya Saulo yalikuwa hatarini tena, na ndugu wakampeleka kwao Tarso. Luka ananyamaza kuhusu miaka aliyokaa huko.

ANTIOKIA

Wakati huo waumini waliotawanywa na mateso walifika Antiokia, mji mkubwa wa Shamu kando ya mto Orontes, uliohesabiwa wa tatu katika dola yote baada ya Roma na Aleksandria. Baadhi yao, watu wa Kipro na wa Kirene, yaani sehemu ya Libya ya leo, walianza kuwahubiria hata wasio Wayahudi. Wengi wakaamini. Habari hizo ziliposikika Yerusalemu zilileta maswali: je, watu hawa ambao hawajatahiriwa ni ndugu kweli?

Yerusalemu ikamtuma Barnaba kwenda kuangalia. Angeweza kufika kama mkaguzi, akahesabu makosa na kuandika ripoti. Badala yake, alipoiona neema ya Mungu alifurahi, akawasihi waambatane na Bwana. Luka, ambaye hana desturi ya kuwamwagia watu sifa, anasimama hapo kidogo atuambie kwamba Barnaba alikuwa mtu mwema, mwenye imani na Roho Mtakatifu.

Kazi ilipokua, Barnaba aliona kwamba inahitaji mtu mwenye elimu na moto kuliko yeye. Akakumbuka. Akafunga safari hadi Tarso kumtafuta Saulo, akamleta Antiokia, nao wakafundisha pamoja mwaka mzima. Ni katika mji huo wanafunzi walipoitwa Wakristo kwa mara ya kwanza. Kiongozi anayekwenda kumtafuta mtu atakayemzidi, tena kwa gharama ya safari yake mwenyewe, si jambo la kila siku.

Viongozi wa kanisa hilo walikuwa mchanganyiko: Barnaba wa Kipro, Simeoni aliyeitwa Nigeri, jina lenye maana ya mweusi, Lukio wa Kirene huko Afrika, Manaeni aliyelelewa pamoja na Herode, na Saulo. Njaa kuu ilipokuja katika siku za Klaudio, kaisari aliyetawala tangu mwaka 41 hadi 54, wanafunzi wa Antiokia walichanga kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Ilikuwa harambee ya kweli, kanisa changa la mataifa likiwasaidia ndugu wa Uyahudi. Mchango huo walikabidhiwa Barnaba na Saulo waupeleke. Aliyeuza shamba lake aliaminika kwa fedha za wengine.

KUTOKA SAUTI YA KWANZA HADI YA PILI

Wakiwa katika ibada na kufunga, kanisa la Antiokia liliwatenga Barnaba na Saulo kwa kazi ya kwenda mbali. Walianza na Kipro, nyumbani kwa Barnaba, wakiwa na kijana Yohana Marko kama msaidizi. Marko alikuwa binamu yake Barnaba. Mama yake, Maria, ndiye mwenye nyumba ile ya Yerusalemu ambamo waumini walikuwa wakiomba Petro alipotoka gerezani.

Mpaka hapo Luka huandika Barnaba na Saulo, Barnaba akitangulia. Walipofika Pafo, upande wa pili wa kisiwa, walisimama mbele ya liwali Sergio Paulo. Mchawi Elima alipojaribu kumzuia liwali asiamini, Saulo ndiye aliyemkemea. Tangu siku hiyo anaitwa Paulo, na mpangilio wa majina unageuka. Walipong'oa nanga, msafara ulikuwa wa Paulo na wenzake. Baadaye ni Paulo na Barnaba.

Mwanakwaya yeyote anaelewa jambo hili. Umefundisha mtoto noti, umemsimamisha karibu nawe asikie sauti, kisha siku moja mwalimu anampa yeye sehemu ya kuimba peke yake, nawe unarudi katika safu. Wengine huacha kwaya wiki hiyo hiyo. Hakuna mahali katika Matendo panapoonyesha Barnaba akilalamika. Aliendelea na safari.

Na safari haikuwa rahisi. Huko Perge, Marko aliwaacha, akarudi Yerusalemu. Antiokia ya Pisidia walifukuzwa. Ikonio watu walipanga kuwapiga mawe, wakakimbia. Listra, baada ya kiwete kuponywa, umati ulidhani miungu imeshuka. Wakamwita Paulo Herme kwa kuwa ndiye aliyekuwa mnenaji, na Barnaba wakamwita Zeu, mkuu wa miungu yao. Kuhani akaleta ng'ombe na maua ili awatolee sadaka. Mitume hao wawili waliyararua mavazi yao, wakaingia kati ya watu wakipiga kelele kwamba wao ni binadamu tu.

Umati huo haukukawia kugeuka. Wapinzani walikuja kutoka miji mingine, Paulo akapigwa mawe, akaburutwa nje ya mji wakidhani amekufa. Kesho yake alitoka pamoja na Barnaba kwenda Derbe. Kisha wakarudi kwa njia ile ile, Listra, Ikonio na Antiokia ya Pisidia, ili kuwaimarisha waumini na kuwawekea wazee katika kila kanisa. Kurudi katika mji uliokupiga mawe kunahitaji mwenzi wa safari asiyekimbia.

KIKAO CHA YERUSALEMU NA KOSA LA ANTIOKIA

Karibu mwaka 49 kulikuwa na kikao kikubwa Yerusalemu. Swali lilikuwa kama watu wa mataifa wanaoamini ni lazima watahiriwe na kuishika torati ya Musa. Barnaba na Paulo walieleza mambo ambayo Mungu aliyatenda kati ya mataifa, na mkutano ukasikiliza kwa utulivu. Uamuzi ukawa kwamba mzigo huo usiwekwe juu yao. Mkristo yeyote asiye Myahudi, akiwemo kila mmoja wetu atakayeimba leo, ni mrithi wa uamuzi ule.

Lakini Biblia haifichi makosa ya watu wake. Katika waraka kwa Wagalatia, Paulo anakumbuka kwamba Petro alipokuwa Antiokia aliacha kula pamoja na watu wa mataifa kwa kuwaogopa waliotoka kwa Yakobo, na kwamba hata Barnaba alichukuliwa na unafiki huo. Neno hilo, hata Barnaba, lina uchungu wa rafiki. Wema wa Barnaba ulikuwa na udhaifu wake: aliyependa kila mtu aridhike alijikuta anawakwepa mezani wale aliowalea. Paulo alisimama akasema waziwazi, na alikuwa na haki.

UGOMVI JUU YA MARKO

Kisha ukaja utengano. Paulo alitaka wayatembelee tena makanisa waliyoyaanzisha. Barnaba alikubali, akataka Marko aende nao. Paulo alikataa, kwa sababu Marko aliwaacha Pamfilia kazi ilipokuwa ngumu. Mabishano yakawa makali, wakaachana. Barnaba alimchukua Marko wakasafiri kwenda Kipro. Paulo alimchagua Sila, akapita Shamu na Kilikia.

Nani alikuwa na haki? Wahubiri wamelijadili swali hilo kwa karne nyingi. Paulo alifikiria kazi: miji inayopiga watu mawe haihitaji msaidizi wa kukimbia. Barnaba alimfikiria kijana. Labda aliukumbuka ule mlango wa Yerusalemu na mtu mmoja aliyesimama nje akiogopwa na wote. Mtu huyo sasa ndiye aliyekuwa akiufunga mlango.

Tuseme ukweli, wapendwa: huu haukuwa mzozo mdogo. Ndugu wawili waliokoswakoswa na kifo pamoja hawakuweza kukubaliana juu ya jina moja. Na baada ya hapo Matendo hayamtaji Barnaba tena. Luka anamfuata Paulo hadi Roma, naye Barnaba anabaki Kipro na kijana wake.

YALIYOTOKEA BAADAYE

Lakini nyaraka zinatuonyesha yaliyofuata. Akiwaandikia Wakorintho, Paulo anamtaja Barnaba kwa heshima, kama mtume mwenzake anayefanya kazi kwa mikono yake kama yeye ili asiwalemee watu. Katika waraka kwa Wakolosai, Marko yuko pamoja na Paulo aliyefungwa, na kanisa linaagizwa limkaribishe. Na katika waraka wa pili kwa Timotheo, mzee Paulo akikaribia mwisho wake anaomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa kwa utumishi. Yule yule aliyewaacha Pamfilia. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, anamwita Marko mwanawe.

Mapokeo ya Kanisa tangu karne ya pili yanasema Marko ndiye aliyeandika Injili ya pili, akiyashika mafundisho ya Petro. Mapokeo hayo pia yanasema ndiye aliyeipeleka Injili Aleksandria. Wakristo wa Misri wanamhesabu kuwa baba wa kanisa lao, na kwa karne nyingi Kanisa la Ethiopia lilipokea askofu wake mkuu kutoka Aleksandria. Basi mkono ambao Barnaba alimshika nao Marko ulifika Afrika kabla ya meli ya mmishonari yeyote wa Ulaya.

Kuhusu mwisho wa Barnaba, mapokeo yanasema aliuawa kwa kupigwa mawe huko Salami, na Marko akamzika. Mwishoni mwa karne ya tano, katika utawala wa kaisari Zeno, Askofu Mkuu Anthemio wa Kipro alitangaza kwamba kaburi lake limeonekana karibu na Salami, likiwa na nakala ya Injili ya Mathayo kifuani pake. Wakati huo Antiokia ilikuwa inadai mamlaka juu ya Kipro, ingawa Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 ulikuwa umekitetea kisiwa hicho. Kaisari alipoipokea Injili ile aliamua kanisa la Kipro lijitawale, na tangu hapo askofu wake mkuu hutia sahihi kwa wino mwekundu, desturi iliyopo hadi leo. Monasteri ya Barnaba ingali imesimama karibu na magofu ya Salami. Sikukuu yake ni tarehe 11 Juni.

Neno moja la tahadhari. Kuna maandishi yenye jina lake ambayo si yake. Waraka wa Barnaba ni wa zamani sana, lakini wataalamu wengi wanakubali kwamba uliandikwa baada yake. Kile kiitwacho Injili ya Barnaba, ambacho wengi wetu tumesikia kikitajwa katika mihadhara, nakala zake zinazojulikana ni za Kiitalia na Kihispania, na wataalamu wengi wanaona kiliandikwa zaidi ya miaka elfu moja baada ya kifo chake. Hakuna kitabu chochote tulicho nacho ambacho tuna hakika Barnaba alikiandika. Kazi yake imebaki katika watu.

KWETU SISI TUNAOIMBA

Kwaya hudumu miaka mingi kwa sababu ya watu wa namna ya Barnaba. Yuko aliyemnunulia mwenzake sare asiyoweza kuilipia, na aliyetoa nauli ya mazoezi bila kusema. Yuko aliyemwambia mwalimu ajaribu kijana ambaye sauti yake ilikuwa bado inavunjika. Majina yao hayamo katika orodha ya viongozi, na wengine wao wamelala. Mungu anawajua.

Kwaya nyingi pia zimepitia Pamfilia yao. Kuna walioondoka kazi ilipokuwa ngumu, na kuna waliotengana kwa maneno makali juu ya nyimbo, juu ya fedha za albamu, juu ya nani aongoze. Baadhi ya walioondoka wameitikia mwaliko na wameketi nasi siku ya leo, pengine viti vya nyuma, wasijue watapokewaje. Wengine wangali nyumbani wakisubiri mtu awapigie simu.

Paulo alikuwa mtume mkuu, na alihitaji miaka kadhaa kumpokea tena Marko. Barnaba alimpokea siku ile ile. Tunapomaliza ibada na kuelekea mezani kukata keki, kila mwanakwaya atazame viti vya nyuma. Akimwona mmoja wao, amwendee kwanza yeye, amshike mkono, amlete katika safu. Wimbo wa mwisho katika ratiba tunaujua sote, waliobaki na walioondoka, na sauti zote nne zina nafasi.

Mungu aibariki kwaya yetu, na awainue kati yetu wana na binti wa faraja. Amina.